Uliza Ujibiwe: Niongeze kadi ya grafiki ya pili au ninunue mpya?

SWALI: Habari za kazi kaka, naomba unisaidie kabla sijaingia mkenge. Nina PC yenye GTX 1070 ya 8GB, prosesa i7-7700, ramu 16GB, pawa saplai ya wati 550 na monita ya 1440p. Kadi hii imenibeba miaka mingi ila gemu mpya zinaniumbua, nashusha setingi mpaka chini kabisa na bado zinakwamakwama. Sasa kuna mshikaji wangu anabadilisha mashine na yuko tayari kuniachia 1070 yake kwa bei ya kirafiki. Mi nawaza hivi, 1070 mbili si zitakuwa na 16GB ukijumlisha, na fremu zitapanda mara mbili, halafu nitakuwa nimetumia hela kidogo kuliko kununua kadi mpya? Madabodi yangu ina sloti mbili ndefu. Na nikiamua kununua mpya, hii ya zamani naweza kuiacha humohumo isaidie? — Mpenda gemu

JIBU: Mdogo wangu, hiyo kadi ya mshikaji wako achana nayo, hata kama angekupa bure ningekushauri uiuze pamoja na ya kwako hela uweke kwenye kadi moja mpya. Najua inauma maana hesabu yako kwenye karatasi inaonekana tamu kabisa, na zamani watu walifanya kweli, wala hujaiota. Kampuni ya 3dfx walikuwa wanaunganisha kadi mbili za Voodoo2 tangu 1998, Nvidia wakaja na mfumo wao wa kuunganisha kadi, SLI, 2004, ATI wakajibu na wa kwao, CrossFire, 2005, na hiyo 1070 yako ukiitazama ukingo wa juu utaona yale meno ya dhahabu ya kuchomekea daraja la SLI. Kwa hiyo kwenye chuma inawezekana. Inayogoma ni programu.

Iko hivi, SLI haikuwahi kufanya kazi yenyewe tu kwa kila gemu, ilikuwa lazima Nvidia waandae profaili ya gemu husika, yaani maelekezo ya namna ya kugawa kazi, ndani ya draiva, na kuanzia Januari 2021 waliacha kutoa profaili mpya. Upande wa DirectX 12 na Vulkan, mifumo ambayo gemu za sasa zinatumia kuongea na kadi, kazi hiyo wameachiwa watengeneza gemu wenyewe, na walioifanya ni wachache mno, wapo kina Ashes of the Singularity na Rise of the Tomb Raider, na hizo ni za miaka ile ya 2016. Sasa we unalalamikia gemu mpya, na huko ndiko kadi ya pili itakaa inasoma asilimia sifuri, inakula umeme na kupasha kasha joto basi. Ushahidi mwingine ni wenyewe Nvidia, kwenye RTX 30 waliziachia RTX 3090 na 3090 Ti tu sehemu ya kuunganisha, kwenye RTX 40 wakaiondoa kabisa. Kitu kingekuwa kinalipa wasingekitupa.

Hilo la 16GB nalo tulimalize. Kwenye gemu memori za kadi mbili hazijumlishwi. Kila kadi inachora fremu yake nzima kwa hiyo kila moja lazima ibebe nakala ya tekscha zilezile, 8 na 8 inabaki 8. Kama gemu yako inakwama kwa sababu VRAM, yaani hiyo memori ya kadi, imejaa, na kwa 1440p kwenye gemu za sa hivi hilo linawezekana sana, kadi ya pili haikupunguzii hata megabaiti moja.

Halafu kuna kitu ambacho wauzaji wa kadi za mtumba hawakisemi, nacho ni ile kukwama hata namba ya fremu ikiwa nzuri. Kadi mbili zinafanya kazi kwa zamu, hii inachora fremu ya kwanza, ile ya pili, hii ya tatu, na hazipokezani sawasawa. Chukulia fremu moja inakuja baada ya milisekunde 8, inayofuata baada ya 25, tena 8, tena 25. Wastani ni kama 16.5, kaunta itakuandikia fremu 60 kwa sekunde na utajiona umepata, ila jicho lako linashika zile 25, na 25 kila mara ni sawa na fremu 40. Yaani umelipia 60, unaona 40, tena 40 ya kurukaruka. Na gemu za sasa zimeongeza tabu zaidi, kulainisha kingo, maakisi, kukuza picha kutoka rezolusheni ndogo, vyote vinachukua data ya fremu iliyopita ili kuchora ya sasa. Sasa fremu iliyopita ipo kwenye kadi nyingine! Lazima data ivuke kwanza, kadi ya pili inasubiri, faida ya kuwa na mbili inaishia njiani.

Bado hatujagusa madabodi. Sloti mbili ndefu hazimaanishi kitu mpaka usome kitabu chake, kwenye bodi nyingi ile ya chini ni ndefu kwa umbo tu, ndani ina njia 4 za kupitisha data, na SLI inadai angalau 8 na bodi yenyewe iwe imeidhinishwa. Umeme nao, 1070 moja ni wati 150, mbili ni 300, weka prosesa na vingine vyote, pawa saplai ya 550 yenye umri itakuwa inafanya kazi kwa jasho. Na ile kadi ya juu inavuta hewa kwenye mwanya wa vidole viwili juu ya mgongo wa ya chini ambao nao ni wa moto, itapanda joto, itajipunguza spidi, feni zitapiga kelele.

Sasa tuje kwenye la kufanya. Kabla hujatoa hela, washa gemu inayokusumbua, weka programu ya MSI Afterburner ikuonyeshe matumizi ya kadi na ya kila kori ya prosesa pembeni ya skrini, cheza sehemu ile inayokwama haswa, si kwenye menyu. Kadi ikisimama kwenye asilimia 97 mpaka 99 basi kadi ndo imechoka. Ikiwa inacheza kwenye 60 au 70 huku kori moja au mbili za prosesa zimegonga 100, tatizo ni i7-7700 yako na hapo hata ukiweka kadi ya bei mbaya kuliko zote utapata kaongezeko kadogo ukasirike bure. Angalia pia VRAM, ikiwa imejaa mpaka juu ndo jibu lako lenyewe. Kwa 1440p mi nahisi utakuta ni kadi, ila pima, usininukuu mimi.

Ukikuta ni kadi, tafuta yenye 12GB kwenda juu, 16GB ndo ningechukua mimi maana umeshaonyesha kwamba unakaa na kadi miaka mingi. Hapa kuna mtego kwa bodi ya umri wa yako ambao watu wengi hawaujui. Sloti za bodi yako ni za toleo la zamani, PCIe 3.0, na kadi nyingi za daraja la kati siku hizi zinatumia njia 8 tu badala ya 16, RTX 4060 ni hivyo, RX 6600 ya AMD hivyo, RTX 5060 Ti pia. Kwenye bodi mpya hutambui kitu, kwenye 3.0 unapoteza kidogo, na VRAM ikijaa unapoteza sana kwa sababu kadi inaanza kuchukua data kwenye ramu kupitia mlango ulio nusu. Ndo maana nasisitiza VRAM kubwa. RX 9060 XT ya 16GB inatumia njia zote 16, hiyo ingekukaa vizuri, na RTX 3060 ya 12GB nayo ni ya njia 16 kama unataka ya zamani kidogo. Intel Arc ziache, si mbaya hata kidogo, ila bila Resizable BAR, setingi inayoiruhusu prosesa kufikia memori yote ya kadi kwa mpigo, zinashuka vibaya na Intel wenyewe wanashauri prosesa za kizazi cha 10 kwenda juu, we uko cha 7.

Na faida nyingine ya kadi mpya ni umeme. Kwa mfano tu, RTX 4060 ni wati 115, yaani chini ya 1070 yako moja na inaipita mbali. Pawa saplai yako haitaona hata tofauti.

Kuhusu kuiacha ya zamani humohumo, hapana. Windows inatumia draiva moja ya Nvidia kwa kadi zote mbili, na kizazi cha 1070 kilipata draiva yake ya mwisho ya gemu mwishoni mwa 2025, baada ya hapo ni marekebisho ya usalama tu. Ukiiacha ndani pamoja na RTX utailazimisha kadi mpya ibaki kwenye draiva za zamani. Iuze mapema, thamani yake haipandi.

SWALI: Kaka shikamoo. Nimesoma mahali kwamba kadi mbili ni kupoteza hela. Mimi sichezi gemu, natengeneza katuni kwa Blender na nina RTX 3060 ya 12GB, renda moja inalala usiku kucha. Niongeze 3060 nyingine au niuze ninunue kubwa? — Dada wa katuni

JIBU: Marahaba dada yangu. Wewe uko kwenye kundi ambalo ushauri wa hapo juu hauwahusu, nafurahi umeuliza. Cycles, injini ya Blender ya kurenda, inagawa kazi kama watu wawili wanaolima shamba moja, kila mtu na kipande chake, hakuna anayemsubiri mwenzake, kwa hiyo kadi mbili zinazofanana zinakaribia kukata muda wa renda nusu. Huhitaji daraja wala SLI, unaenda kwenye mapendeleo ya Blender, sehemu ya Sistimu, unatiki kadi zote mbili kwenye OptiX, chaguo la kadi za RTX, basi. Na kwa kuwa ni katuni, yaani fremu nyingi, unaweza hata kufungua Blender mara mbili, kila moja umeipa kadi yake na nusu yake ya fremu.

Kinachoamua ni ukubwa wa sini zako, yaani mandhari unazorenda. Hata huku kila kadi inabeba sini nzima, 3060 haina NVLink, kiunganishi cha Nvidia cha kuunganisha memori. Fungua sini yako nzito kuliko zote uangalie inakula VRAM kiasi gani wakati wa renda. Ikiwa 6 au 7, ongeza ya pili bila wasiwasi. Ikiwa imeshagonga 11 na kitu na unapanga kuongeza misitu na nywele, kadi ya pili ya 12GB haitakusaidia, hapo uza ununue moja yenye 16GB au zaidi. Kama unatumia Eevee, ile injini nyingine ya Blender ya haraka, nayo ni habari nyingine, inatumia kadi moja.

Hakikisha tu nafasi kati ya kadi mbili ipo ya kutosha, maana wewe unazichapa usiku mzima tofauti na mcheza gemu, na pawa saplai isiwe ya kubahatisha, 3060 moja ni wati 170.

(Wanaoendesha modeli za lugha za akili bandia kwenye kompyuta zao nyumbani wameuliza pia. Huko memori zinajumlishwa kweli, programu ya llama.cpp inagawa tabaka za modeli kwenye kadi mbili, 12 na 12 zinakaribia 24. Spidi haipandi mara mbili kwa sababu kwa kawaida tabaka zinapokezana, ila modeli ambayo haikuingia kabisa sasa inaingia.)

SWALI: Nataka monita ya tatu, nimeambiwa lazima niweke kadi ya pili. Kweli?

JIBU: Si kweli. Kadi nyingi za sasa zinabeba monita nne, geuza kasha uhesabu matundu ya HDMI na DisplayPort nyuma. Zikiwa zimekwisha, na prosesa yako ina grafiki za ndani, washa kwenye BIOS uchomeke ya tatu kwenye madabodi. Ila ile unayochezea gemu ibaki kwenye kadi.