Lita ngapi hadi Kalacha?

Barua za wasomaji kuhusu afya. Anayejibu ni muuguzi mstaafu, mzaliwa wa Pwani, aliyefanya kazi miaka 11 katika zahanati moja kaskazini mwa Marsabit.

SWALI: Shikamoo Bi Muuguzi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kilifi. Likizo ya Agosti familia yetu, watu wazima 5 na watoto 2, tumepanga kwenda Marsabit kwa magari mawili. Tutalala hemani usiku 3 kando ya jangwa la Chalbi karibu na Kalacha, halafu usiku 2 Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana. Mama yangu ana miaka 63, ana presha na kisukari, na hudungwa insulini. Kitinda mimba wangu ana miaka 6 na ana pumu. Mume wangu asema madumu manne ya maji yatosha, kwa sababu huko kuna visima na ziwa lenyewe. Mimi roho haijatulia. Tubebe maji kiasi gani, na hilo vumbi tulikabili vipi? (Mama Mwalimu, Kilifi)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Roho yako imekwambia kweli. Madumu manne ni lita 80, na watu saba watazimaliza kabla jua la pili halijazama.

Kabla ya hesabu, acha nikueleze jambo ambalo sisi watu wa Pwani hatulijui mpaka litupate. Kilifi ukitoka sokoni kwenda stendi saa saba mchana, leso inakugandama mgongoni. Unaliona jasho lako, unalipangusa, unatafuta maji. Juma langu la kwanza kaskazini nilitembea boma kwa boma na mhudumu wa afya wa kijiji tukichanja watoto, tangu saa mbili asubuhi hadi saa saba. Nikapitisha kiganja usoni, uso mkavu kabisa. Nikadhani nimezoea upesi. Kisha nikahisi chembechembe vidoleni, nikazionja: chumvi. Nilikuwa nimetoka jasho asubuhi nzima, na upepo ulikuwa ukilinywa kabla sijaliona. Jioni ile kichwa kilinigonga kama kinu, na mkojo ulikuwa rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa.

Hilo ndilo ninalotaka likukae moyoni: Chalbi hutaliona jasho lako. Kwa hiyo usingoje dalili ulizozoea nyumbani. Hesabu maji kwa lita, na umpimie kila mtu ya kwake.

Basi tuhesabu. Mtu mzima katika joto lile, akiwa hafanyi kazi ngumu, mpangie lita 5 za kunywa kwa siku. Mtoto mpangie lita 3, hata kama hatazimaliza. Hapo ni lita 31. Ongeza lita 3 kwa kila mtu za kupika, kunawa mikono na kuosha vyombo, ndizo 21. Jumla lita 52 kwa siku. Usiku tatu Kalacha ni siku nne ukihesabu ya kufika na ya kuondoka, yaani lita 208. Juu yake weka akiba ya siku moja nzima. Chalbi ilikuwa ziwa zamani, na mvua ikinyesha kidogo tu, sakafu ile inageuka tope linalomeza magurudumu. Gari likikwama mnalala hapo hapo. Mtafika lita 260, yaani madumu 13 ya lita 20. Ni kilo 260 za mzigo, kwa hiyo mwambie dereva mapema. Yajazeni Marsabit mjini, na myagawe katika magari yote mawili, ili gari moja likiharibika maji yasibaki upande mmoja. Dumu lililowahi kutiwa mafuta ya taa lisiguse safari hii.

Visima vya Kalacha vipo, na chemchemi ipo, ndiyo maana watu wa Gabra huleta ngamia wao hapo. Ulizeni wenyeji ni maji yapi wanakunywa wao na yapi ni ya mifugo, nanyi myachemshe yatokote kwa dakika moja kamili kabla ya kunywa. Lakini mengi ya maji ya eneo lile yana chumvichumvi, na kuchemsha hakuondoi chumvi. Wala tembe za klorini haziiondoi. Yatumieni kwa kuoshea.

Ziwa ni jambo jingine kabisa, na hapa nakuomba umsomee mumeo sentensi hizi. Maji ya Ziwa Turkana yana magadi na floridi nyingi. Wazee wa El Molo, kabila la wavuvi wa ziwa lile, waliokulia kwayo nimewaona kwa macho yangu: miguu imepinda, meno yamekuwa ya kahawia, magoti hayanyooki. Maji yenye floridi nyingi yakinywewa miaka na miaka hufanya hivyo. Siku mbili hazitampinda mtu, lakini maji yale hayakati kiu, yanaharisha, na kuharisha jangwani ni hatari kuliko kiu yenyewe. Loiyangalani kuna chemchemi ya maji matamu inayokunywewa na mji mzima. Jazeni hapo.

Kila mtu awe na chupa yake yenye jina lake. Chupa ya pamoja inamdanganya kila mmoja kwamba mwenzake ndiye amekunywa. Na saa kumi kila jioni, bila haya, waulize mmoja mmoja: umekojoa mara ngapi tangu asubuhi, na rangi gani? Rangi ya nyasi kavu ni njema. Rangi ya strungi, au mtoto ambaye hajaenda haja ndogo tangu saa sita, ni kazi ya kufanya papo hapo: kivuli, na maji funda moja moja kila baada ya dakika chache.

Sasa nisikilize vizuri, kwa maana wengi huishia kwenye maji peke yake. Jasho hutoka na chumvi, na maji matupu hayarudishi chumvi. Siku moja wageni walituletea kijana wa miaka kama ishirini na tano, mwenye nguvu zake. Tangu alfajiri alikuwa ameonywa anywe, anywe, naye alikunywa karibu lita 9 hadi alasiri bila kula chochote ila peremende. Alikuwa anatapika, kichwa kinamuuma, na alikuwa akiniita jina la mtu nisiyemjua. Shati lake jeusi lilikuwa na michirizi myeupe ya chumvi mgongoni, kama ramani. Wenzake walikuwa bado wanamlazimisha maji. Tulizuia maji, tukampeleka Marsabit gari likienda usiku, akapona. Damu yake ilikuwa imezimuliwa na maji yale. Kwa hiyo msizidishe lita moja kwa saa, na kila mlo uwe mlo kweli: ugali na mchuzi wenye chumvi, njugu za chumvi, mahamri na mbaazi ukiweza kupika. Beba vipakiti vya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, visivyopungua kumi. Vikiisha, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vimesawazishwa kwa kisu. Usikadirie kwa mkono, chumvi ikizidi inadhuru.

Kuhusu mama. Wiki mbili kabla ya safari apelekwe kliniki, na daktari aambiwe wazi kwamba anakwenda kulala jangwani. Baadhi ya tembe za presha humfanya mtu akojoe sana, na daktari huenda akataka kubadilisha kipimo kwa siku hizo. Asiache mwenyewe. Sukari ikipanda nayo humkojosha na kumkausha, kwa hiyo apimwe mara nyingi kuliko nyumbani, na asipewe soda kama kinywaji cha kiu. Insulini isiachwe garini hata kwa nusu saa. Chukua mitungi miwili ya udongo, mdogo uingie ndani ya mkubwa, ujaze mchanga katikati, uumwagie mchanga maji, ufunike kwa kitambaa kibichi. Dawa ikae ndani ya ule mdogo, katika mfuko usioingia maji, na mitungi iwekwe kivulini penye upepo. Hapa Pwani hila hii haifui dafu, hewa yetu imejaa maji. Kule inapoza vizuri mno, na sababu ni ile ile ya jasho usiloliona: upepo mkavu unakunywa unyevu kutoka kwenye udongo na kuondoka na joto lake.

Mtoto wa pumu. Pampu yake ya bluu iwe mbili, moja kwako na moja kwa baba yake, katika mifuko inayofungwa kabisa, maana vumbi la Chalbi ni laini kama unga wa ngano na linaingia kila mahali. Kama hana kile kichupa cha kuvutia dawa, toboa tundu kwenye kitako cha chupa ya plastiki ya nusu lita, lienee mdomo wa pampu barabara, naye avutie upande wa shingo ya chupa. Upepo ukianza kuinua vumbi mwingizeni garini, vioo juu. Leso iliyoloweshwa na kukamuliwa inasaidia puani kwa wote. Akihitaji pampu tena kabla ya muda wa saa nne kupita tangu ya mwisho, au akishindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, safari imekwisha, mnakwenda hospitali. Usimwonee haya mtu yeyote kwa kukatiza likizo.

Hema milango iangalie kule upepo unakokwenda. Loiyangalani upepo hutoka kusini-mashariki na hukaza zaidi usiku hadi alfajiri. Ndio huo huo unaozungusha ile mitambo 365 ya umeme mtakayoiona njiani. Vigingi peke yake havitoshi, wekeni mawe. Macho yakiingia vumbi msiyasugue, yaosheni kwa maji safi, na kila mtu awe na taulo lake, kwa sababu trakoma, ugonjwa wa macho wa kuambukizana, bado ipo kaskazini. Jioni osheni miguu, mkaushe katikati ya vidole, mpake mafuta mazito na mvae soksi. Chumvi ya ile ardhi inapasua visigino mpaka damu.

Saa tano hadi saa kumi, kaeni kivulini. Mtu akianza kusema maneno yasiyoeleweka, au akiyumba, na mwili wake unawaka, huyo si wa kupewa maji mdomoni. Mvueni nguo za juu, mumwagie maji mwili mzima, hata yale ya visima, mumpepee kwa nguvu bila kukoma, huku gari likiwashwa. Poza kwanza, safirisha pili.

SWALI: Bi Muuguzi, mimi ni dereva wa lori, Isiolo hadi Moyale. Wenzangu wanasema chai inakausha mwili, heri soda. Mimi nakunywa chai vikombe sita kwa siku na miraa kidogo. Nakosea? (Dereva, Isiolo)

JIBU: Kaka, chai yako haina kosa. Chai ya kawaida inahesabika kama maji. Kile kidogo inachokutoa hakifikii unachokunywa. Punguza sukari tu. Ninachokiogopa ni miraa. Inaficha njaa, inaficha kiu na inaficha uchovu, yaani vitu vitatu ambavyo dereva wa njia ile anahitaji kuvisikia. Umesema kidogo, nami nakuamini. Ila weka chupa ya lita moja na nusu mbele yako unapotoka Isiolo, na isifike Laisamis ikiwa na kitu ndani.

SWALI: Hujambo Mama. Sisi ni wanafunzi sita wa chuo kikuu Nairobi, tunakwenda kupiga kambi Marsabit mwezi ujao. Rafiki ametutisha na ugonjwa unaoitwa kala-azar. Ni kweli? Na maziwa ya ngamia, tunywe? (Msomaji wa kike, Nairobi)

JIBU: Sijambo, binti yangu. Ni kweli, na nashukuru umeuliza, kwa maana wageni karibu wote hawaulizi. Kala-azar huletwa na usubi, kidudu kidogo sana kuliko mbu, kisicho na mlio. Hujificha kwenye nyufa za vichuguu vya mchwa na hutoka kuuma jua likitua. Kichuguu kinaonekana mahali pazuri pa kuegemea hema au kukalia mkipiga soga, nanyi mtavutwa nacho. Pigeni kambi mbali navyo. Kuanzia saa kumi na mbili jioni vaeni mikono mirefu na soksi, mpake dawa ya kufukuza wadudu, na chandarua kiwe kile kilichotiwa dawa, kwani usubi hupenya matundu ya chandarua cha kawaida. Viatu vikung'uteni kila asubuhi, kuna nge, na usiku msitembee bila tochi, kuna nyoka.

Maziwa ya ngamia kunyweni kwa raha zenu, ni chakula na ni maji pia, na mama wa Kigabra akikupa kibuyu amekuheshimu. Omba yachemshwe, mwambie ni tumbo lako la ugenini, hatakasirika. Mabichi yanaweza kuleta homa ya bruselosi inayokurudia kwa miezi.

Na jambo la mwisho kwenu sita. Kala-azar huweza kukaa mwilini miezi miwili hadi sita, pengine zaidi, kabla ya kujitokeza. Mmoja wenu akipata homa isiyokwisha kwa wiki mbili, akikonda na tumbo la upande wa kushoto likivimba, daktari wa Nairobi atafikiria malaria na taifodi kwanza. Mwambieni bila kuulizwa: mwezi fulani nililala hemani Marsabit.