CRP iko chini, mbona mtoto anakohoa usiku?

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu wa kiume ana miaka 11, na pumu ilimwanza akiwa na miaka 4. Tunaishi Nkuhungu, Dodoma. Mwezi uliopita alipimwa damu: CRP 2, chembe nyeupe 9,000, eosinofili asilimia 8. Aliyenisomea majibu alisema damu haina uvimbe wowote, kwa hiyo ile dawa ya kuvuta ya kahawia niipumzishe. Hii ni wiki ya tatu. Usiku anaamka akikohoa, na pampu ya bluu inaisha upesi. Nifanyeje?
Mama wa Nkuhungu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza mrudishie mjukuu wangu dawa ya kahawia leo hii, kama alivyoandikiwa, na wiki hii umpeleke kwa daktari wake. Nimeumia kusoma kwamba aliachishwa kwa sababu ya CRP.

CRP ni protini inayotengenezwa na ini linapopata habari za uvimbe mwilini. Mtoto akiwa na nimonia ya bakteria hupanda sana. Uvimbe wa pumu umejificha ndani ya vijia vya hewa, na mara nyingi ini halipati habari zake. Nilipokuwa Mpwapwa nilipokea watoto wanaohema hadi mbavu zinaingia ndani, na CRP zao zilikuwa chini kabisa.

Sasa itazame tena karatasi yako. Asilimia 8 ya 9,000 ni 720. Hizo ndizo eosinofili zake, aina mojawapo ya chembe nyeupe, katika tone dogo sana la damu, na kwa mgonjwa wa pumu sisi huanza kuziangalia kwa makini zikifika 300. Chembe hizi hujaa kwenye kuta za vijia vya hewa, na dawa ya kahawia ndiyo inayozituliza. Ile ya bluu hufungua njia tu. Uvimbe unabaki palepale. Basi karatasi iliyotumika kumwachisha dawa ndiyo hiyo inayoonyesha kwamba anaihitaji.

Ila 720 isisomwe peke yake. Minyoo na kichocho nazo hupandisha eosinofili, na huku kwetu watoto hucheza peku na kuogelea madimbwini. Apimwe choo na mkojo. Vilevile, kama siku nyingine atapimwa akiwa ametoka kumeza prednisolone, vidonge vya kutuliza uvimbe, hesabu itashuka na kuwadanganya. Mwambieni mpimaji.

Damu haikuambii pumu inamtesa mtoto kiasi gani. Binti yangu wa mwisho alikuwa na pumu tulipoishi Kongwa. Mama yake alitundika kalenda nyuma ya mlango wa jikoni, akawa anachora alama: usiku alioamka, siku aliyokosa shule, kila mara alipotumia bluu. Agosti, upepo ukipeperusha vumbi na majirani wakipepeta mtama, ukurasa ulijaa alama. Tukajua mwezi huo tusikose dawa hata siku moja, na tukaanza kunyunyiza maji sakafuni kabla ya kufagia. Nawe fanya hivyo. Bluu ikitumika zaidi ya mara mbili kwa wiki, au akiamka usiku kwa ajili ya pumu, basi pumu yake haijadhibitiwa vizuri, hata maabara iseme nini. Kalenda hiyo nenda nayo kwa daktari, na umwombe ampulizishe kipimo cha nguvu ya pumzi.

Mtazame pia anavyovuta. Wengi hupuliza dawa ikaishia ulimini. Chupa ya maji ya nusu lita, iliyotobolewa kitakoni ili mdomo wa pampu uingie na kubana vizuri, husaidia sana; mhudumu akuonyeshe. Baada ya ile ya kahawia asukutue na kutema.

Akishindwa kumaliza sentensi kwa kuhema, au midomo ikibadilika rangi, usisubiri kupambazuke. Mpe bluu, chukua bodaboda au gari lolote, muende hospitali, na njiani uendelee kumpa.