Sato jike mwenye mayai mbona nyama yake ina maji?

SWALI: Habari za kazi. Nina bwawa dogo la sato huku Morogoro, nawalisha pumba za mahindi na mabaki ya jikoni. Juzi tumevua, madume wamejaza vizuri ila majike wenye mayai nyama ni laini, ukiwatia kwenye kikaango wanatoa maji mpaka mafuta yanaruka, halafu tumboni wana mafuta meupe kibao. Ni ugonjwa?

JIBU: Hapana dada, sio ugonjwa. Jike akianza kupevuka mayai yanataka protini na mafuta, chakula kisipotosha anachota mwilini mwake mpaka kwenye minofu, na pale palipochotwa maji ndo yanashika nafasi. Ndo hayo unayaona kwenye kikaango. Tena sato jike akishataga anabeba mayai mdomoni, na vifaranga wakianguliwa bado anawatunza humo humo, kama wiki mbili hivi hali kitu, bila shaka siku ya kuvua umewaona wakitema vijiyai vya njano kwenye wavu. Hajarudisha mwili anataga tena, wakati dume anaendelea kula na kujaza tu.

Sasa hayo mafuta ya tumboni ni pumba. Pumba ina wanga mwingi protini kidogo, na mnofu haujengwi na wanga, kinachozidi kinageuka mafuta yanaenda kuzunguka utumbo, unayatupa pamoja na matumbo, yaani hela yako hiyo inaenda jalalani na inaniuma kweli. Changanya na unga wa dagaa au mashudu ya soya mpaka protini ifike asilimia 28 hadi 32. Najua dagaa bei iko juu, ila hata soya peke yake ikiwa imepikwa utaona tofauti.

La pili punguza kuzaana. Sato bwawani anaanza kutaga akiwa bado mdogo, miezi mitatu minne tu, kwa hiyo wakifika gramu 30 hivi wageuze tumbo juu uangalie nyuma karibu na pezi, dume ana matundu mawili, jike matatu, watenge. Ukishindwa, msimu ujao nunua vifaranga madume watupu.

Hao majike ulionao wala usiwatupe, wanalika bila shida, ila usiwakaange wabichi. Wapake chumvi, waanike juani wakauke kidogo ndo uwatie kwenye mafuta.