Kompyuta ya Kwanza ya Mtoto: Maswali Yenu, Majibu Yangu

Barua za safari hii karibu zote zinafanana. Mtoto ana miaka sita hadi kumi, shule imeanza kutoa kazi za kufanyia kwenye kompyuta, na mfuko wa mzazi haujanona. Nimeyafupisha maswali ili yaenee.

Binti yangu ana miaka saba. Nimchukulie kishikwambi au kompyuta mpakato? – Mama wa mmoja

Mama, kabla hujaenda dukani muulize mwalimu: mtoto atakuwa anafanya nini hasa? Kama ni kusoma hadithi, kusikiliza matamshi na kugusa jibu sahihi, kishikwambi kinatosha na kinabebeka. Akianza kuandika insha, hata ya mistari mitano, utaona shida yake: kibodi ya kwenye kioo ikijitokeza inafunika nusu ya skrini, na mtoto haoni alichoandika. Hapo si lazima ununue kifaa kingine. Tafuta kibodi ya Bluetooth na kitu cha kukisimamishia.

Walioniuliza kama simu ya mzazi inafaa: kwa dharura, ndiyo. Lakini simu ni yako, itaita katikati ya hesabu, na ukitoka inatoka nawe.

Nimeona mpakato mpya, bei nzuri, RAM GB 4 na hifadhi GB 64, inatumia Windows 11. Muuzaji anasema kwa mtoto inatosha. – Baba pacha

Iache. RAM ni kama meza ya kufanyia kazi, hifadhi ni kabati la kutunzia. Hicho ndicho kiwango cha chini kabisa ambacho Microsoft inakikubali kwa Windows 11, na kiwango hicho ni cha mashine kuwaka, kufanya kazi ni habari nyingine. Mfumo wenyewe na masasisho yake hula sehemu kubwa ya hizo GB 64. Mara nyingi hifadhi ya mashine za namna hii ni eMMC, aina ya bei nafuu iliyochomelewa kwenye bodi, kwa hiyo ikijaa huwezi kuitoa ukaweka kubwa zaidi.

Na hii kauli ya “ni ya mtoto tu” huniudhi. Mtu mzima akiona mashine imeganda, husubiri. Mtoto hubonyeza mara kumi, akafungua madirisha kumi, kisha akalia. Yeye ndiye anayehitaji mashine isiyosuasua. Tafuta RAM GB 8 na hifadhi ya SSD, ile ya kasi isiyo na diski ya kuzunguka, hata ya GB 128.

Kwa hiyo ninunue iliyotumika? Naogopa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. – Mlezi

Ndiyo, na kwa bajeti ndogo hilo ndilo pendekezo langu la kwanza. Mpakato za ofisini, kama ThinkPad, Latitude au EliteBook, zilitengenezwa kwa ajili ya watu wa kuzitumia kutwa. Kibodi zake ni imara, na nyingi zinakubali kuongezewa RAM au kubadilishwa diski.

Anza na prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Ukiona imeandikwa, kwa mfano, i5-8250U, ile 8 ya kwanza baada ya kistari ni kizazi cha nane. Kwa prosesa za Intel, Windows 11 inaanzia hapo. Ukikuta i5-6200U au i5-7200U, ujue ni kizazi cha sita na cha saba, na bei ishuke ipasavyo.

Kisha fungua programu ya kuandikia ubonyeze kila kitufe, kimoja kimoja, bila aibu hata muuzaji akikukodolea macho. Chomeka chaja uitikisetikise taratibu: taa ya kuchaji ikizimika na kuwaka, tundu limelegea. Washa kamera na spika. Halafu betri. Kwenye dirisha la amri (Command Prompt) andika powercfg /batteryreport. Mashine itatengeneza ripoti yenye uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Ikiwa imebaki na chini ya nusu, hesabu gharama ya betri mpya ndani ya bei.

La mwisho limenigharimu mimi mwenyewe. Niliwahi kununua mpakato safi kabisa, nikafika nayo nyumbani, nikataka kuiwekea mfumo upya, nikakutana na nywila ambayo muuzaji hakuijua. Ilikuwa ya BIOS, programu ya ndani inayoamsha mashine kabla ya Windows. Iwashe mbele yake, ingia kwenye BIOS, hakikisha haidai nywila. Kwa iPad, hakikisha akaunti ya mwenye nayo wa zamani imeondolewa. Kufuta data peke yake hakutoi kufuli la akaunti hiyo.

Na Chromebook je? Intaneti yetu ni ya kuja na kuondoka. – Shangazi

Shangazi, Chromebook, yaani mpakato inayotumia mfumo wa Google uitwao ChromeOS badala ya Windows, huishi vizuri hata na RAM GB 4, kwa sababu mfumo wake ni mwepesi. Hati za Google zinaweza kuandikwa bila mtandao, ila sharti uwashe uwezo huo mapema, mtandao ukiwepo. Kama kazi za shule zinataka programu ya Windows, usiichukue.

Ukinunua iliyotumika, angalia mambo mawili. Kila Chromebook ina tarehe ya kukoma kwa masasisho. Zilizotoka 2021 na kuendelea zinapata miaka 10, lakini miaka hiyo inahesabiwa tangu aina hiyo ya mashine ilipotolewa, si tangu siku unayolipa. Tarehe yenyewe imo kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu ChromeOS. Pili, ikionyesha inasimamiwa na shule au kampuni fulani, irudishe mezani. Hata ukiifuta yote, itaomba tena akaunti ya hao wenyewe.

Tuna mpakato ya zamani kabatini, Windows 10, nzito kama jiwe. Nitupe? – Kaka mtu

Usitupe. Masasisho ya kawaida ya Windows 10 yalikoma 14 Oktoba 2025, lakini mashine haijafa. Kama ina diski ya kuzunguka, weka SSD. Hakuna badiliko jingine la bei ndogo linalohuisha mashine kuukuu kiasi hicho. Kisha weka Linux Mint, mfumo wa kompyuta unaochukua nafasi ya Windows, ambao ni bure. Ongeza LibreOffice ya kuandikia na GCompris, mkusanyiko wa michezo ya kujifunza kwa watoto wa miaka 2 hadi 10. Vyote hivyo, vikishawekwa, havidai intaneti. Nakili picha zenu kwanza.

Mjukuu wangu wa miaka tisa anasema bila kompyuta ya “gaming” hawezi kusoma. Ni kweli? – Babu

Shikamoo babu. Si kweli, na nina hakika yeye mwenyewe anajua. Kadi kubwa ya michoro hupandisha bei, hula betri na huongeza uzito wa begi. Mwambie Scratch, programu ya kuwafundisha watoto kutunga programu, inafanya kazi kwenye mpakato ya kawaida, na humo anaweza kutengeneza mchezo wake mwenyewe. Akishautengeneza, acheze na wewe. Nasubiri barua ya kunieleza nani alishinda.