Bia ya shabiki

Nimecheza beki wa kati miaka tisa, sita kati ya hiyo nikiwa mlevi. Nakuandikia wewe mdogo wangu unayezimua alfajiri kisha unatafuna tangawizi ili kocha asisikie harufu. Anasikia. Timu nzima ilikuwa inasikia yangu, nilikuja kuambiwa baadaye.

Watu hudhani mchezaji anaharibiwa na hela. Hela ipi, na mshahara unachelewa miezi miwili? Mimi niliponzwa na muda na ukarimu. Mazoezi yanaisha saa nne asubuhi, ukishakula huna kazi mpaka kesho. Unashuka Mwanjelwa, hapa Mbeya, kunyoosha miguu, shabiki anakuona: "Beki! Mletee mbili huyu." Utamkataliaje mtu aliyelipa kiingilio uwanja wa Sokoine kukutazama? Tukishinda walininunulia kwa furaha, tukifungwa wakaninunulia kwa kunipa pole. Baridi ya Juni ikikaza tulihamia kwenye komoni, pombe ya kienyeji.

Kilichonimaliza ni goti. Nilikaa nje miezi minne, nikawa nachanganya bia na tramadoli za maumivu. Usithubutu. Vyote viwili vinafifisha pumzi, unaweza kulala usiamke. Tena tangu Januari 2024 tramadoli imo kwenye orodha ya dunia ya dawa zilizopigwa marufuku wakati wa mashindano.

Halafu nikataka kuacha kishujaa. Nilijifungia chumbani Uyole, bila kumwambia mtu. Siku ya pili mikono ilitetemeka hadi uji ukanimwagikia kifuani. Usiku nikawa nafukuza sisimizi ukutani, na ukuta hauna kitu. Mama jirani, muuza ndizi, ndiye aliyenipakia kwenye bajaji kunipeleka hospitali. Daktari alinigombeza: aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu akikata ghafla anaweza kupata degedege, hata kufa. Kule wanakupa dawa na kukuangalia mpaka mwili utulie. Kwa hiyo anzia hospitali, viapo baadaye. Kama ni unga au bangi, piga 119, namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya.

Nilipotoka nilimwambia mtu mmoja tu, nahodha. Hakunihubiria. Alinisimulia habari za Tony Adams, aliyefungwa jela kwa kuendesha gari amelewa huku akiwa nahodha wa Arsenal, akaacha pombe 1996, na 1998 akabeba ligi na Kombe la FA. Kisha akauliza, "Kesho baada ya mazoezi unafanya nini?" Sikuwa na jibu. Akanipeleka Umalila kupalilia viazi vyake, siku hiyo na nyingine nyingi. Yale masaa matupu yakapata mwenyewe. Mshahara nao nikaomba uingie kwa dada yangu, ananipa kidogo kidogo kama mtoto wa shule. Aibu? Ndiyo, wiki mbili hivi.

Mwezi wa tano tangu niache nilianguka, nikanywa, siku tuliyoshinda ugenini. Nilimpigia nahodha usiku uleule, ulimi mzito. "Saa kumi na mbili shambani," akasema, akakata simu.

Mashabiki bado wananiita. Siku hizi nawaambia, "Kaka, niagizie supu, hela ya bia nipe nauli." Wengi hucheka, wakatoa. Mmoja alisema najidai, akanuna, mpaka leo hanisalimii.