Maswali ya Wasomaji: Taji la Msimu wa Kwanza wa RuPaul's Drag Race

SWALI: Ndugu Mhariri, shikamoo. Mimi ni fundi cherehani hapa Kirumba, Mwanza, na jioni nikishafunga kazi huwa naangalia mashindano ya mavazi kwenye simu. Hivi karibuni nimemaliza msimu wa kwanza wa RuPaul's Drag Race, yale mashindano ya televisheni ya Marekani yanayoongozwa na msanii RuPaul, ambamo wasanii, wengi wao wanaume, hupanda jukwaani kwa mavazi na vipodozi vya kike wakigombea taji la umalkia. Nilifurahi kuona taji limekwenda kwa mzaliwa wa Kameruni, BeBe Zahara Benet, lakini kwa jicho la ufundi naona Nina Flowers alimzidi kwa ubunifu wa nguo. Je, BeBe alistahili? Waamuzi walikuwa wanapima nini hasa?
Fundi, Kirumba

JIBU: Marahaba, fundi. Kwa maoni yangu alistahili, ingawa nakubaliana nawe kwamba kama yangekuwa mashindano ya nguo peke yake, Nina Flowers, msanii wa Puerto Rico aliyekuwa akiishi Denver, ndiye angeondoka na taji. Ndiye aliyeshinda jaribio la kwanza kabisa, lile la kutengeneza vazi kwa vitu vya bei ya chini, na akashinda tena jaribio la sita, ambapo kila mshiriki aliyebaki alitakiwa kuonyesha mavazi matatu ya aina tofauti. Jaribio lile la kwanza wewe unalielewa kuliko watazamaji wengi, kwa kuwa ni sawa na kupelekwa soko la Mlango Mmoja ukiwa na fedha kidogo mkononi, ukaambiwa kwamba utakachookota kwenye mitumba ndicho utakachopanda nacho jukwaani. Anayefaulu hapo ana mkono wa kweli.

Lakini mashindano haya hayakuundwa kumtafuta fundi bora. Msimu ule ulianza kurushwa na kituo cha Logo tarehe 2 Februari 2009, ukiwa na washiriki 9 na zawadi ya fedha ya dola 20,000, na kila wiki kazi ilibadilika, kiasi kwamba aliyeng'ara wiki moja angeweza kujikuta hana la kufanya wiki inayofuata. Baada ya kushona ilikuja kazi ya kutumbuiza kwa vikundi kwa nyimbo za Destiny's Child, kisha kazi ya utangazaji mbele ya kamera, kisha tangazo la kampeni ya vipodozi, kisha kuwapamba wanawake wa michezo ya mapigano ili wapendeze kama malkia wenyewe. BeBe alishinda jaribio la utangazaji. Hiyo ni kazi ambayo nguo haziwezi kumsaidia mtu asiyejua kusimama, kuzungumza na kushika macho ya watu.

Zaidi ya hapo, kila wiki washiriki wawili waliofanya vibaya husimamishwa jukwaani kufuatisha wimbo mmoja kwa midomo, pleibeki tunayoijua katika matamasha yetu, na mmoja wao huondoka. Wengi huidharau kazi hii kwa kudhani kwamba asiyetoa sauti hafanyi chochote. Ukweli ni kwamba msanii anatakiwa ayajue maneno mpaka pumzi za mwimbaji, uso wake uende na maana ya kila mstari, na mwili ufanye yote hayo bila jicho la mtazamaji kukimbilia kwa mwenzake. Katika jaribio la tano BeBe alianguka katika wawili wa mwisho pamoja na Ongina, na hapo ndipo, kwa maoni yangu, alipoanza kulipata taji.

Inafaa kukumbuka Ongina alikuwa nani kwa watazamaji wakati ule. Wiki moja tu kabla, alikuwa ameshinda jaribio la kampeni ya Viva Glam ya kampuni ya MAC, ambayo huchangisha fedha za mapambano dhidi ya UKIMWI, na akiwa palepale jukwaani akalia na kusema kwamba anaishi na virusi na kwamba wazazi wake walikuwa hawajaambiwa. Sisi wa kanda hii ya ziwa, ambao tumezika ndugu zetu na kuitaja sababu kwa kunong'ona, hatuhitaji kuelezwa uzito wa maneno yale. Mimi nayahesabu kuwa tukio kubwa kuliko yote ya msimu ule, kubwa hata kuliko kuvishwa taji. Kwa hiyo BeBe alisimama kushindana na mtu ambaye kila moyo ulikuwa umemwegemea, na alibaki yeye. Katika fainali, baada ya Rebecca Glasscock kuondolewa katika nafasi ya tatu, alisimama tena kwa kazi ileile dhidi ya Nina Flowers, kwa wimbo wa RuPaul mwenyewe uitwao "Cover Girl", akashinda tena. Mara mbili alifikishwa ukingoni na mara zote mbili akasimama imara. Waamuzi walikuwa wakitafuta mtu wa namna hiyo, na kama ungekuwa wewe umekaa kwenye kile kiti, sidhani kama ungeamua tofauti.

SWALI: Mhariri, mimi ni mkazi wa Kisesa, karibu na Bujora, ambako kila mwaka wakati wa Bulabo, tamasha la ngoma za Wasukuma, vikundi vya Bagika na Bagalu hucheza ngoma kwa kushindana, na mshindi hujulikana kwa umati aliouvuta. Kwa nini katika mashindano haya RuPaul awe na neno la mwisho peke yake, na watu wasiulizwe?
Mpenzi wa ngoma, Kisesa

JIBU: Utaratibu wenu naupenda na ninaujua. Vikundi viwili vinacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila kimoja kimekuja na jambo la kushtua, mara chatu, mara sanamu za mbao, na watazamaji wanahama kwa miguu yao kwenda upande uliowavutia. Hakuna kura iliyo wazi kuliko hiyo. Hata hivyo inawezekana kwa sababu mtazamaji yupo pale, anaona kila kitu kwa macho yake. Vipindi vya mashindano ya RuPaul hurekodiwa mapema, vikakatwa na kupangwa na wahariri, na ndipo vikarushwa, hivyo mtazamaji ambaye angeombwa kura angekuwa anapigia kura kile alichochaguliwa na mhariri akione. Katika msimu wa kwanza Santino Rice, mbunifu wa mavazi, na Merle Ginsberg, mwandishi wa habari za mitindo, walitoa ushauri, na RuPaul akaamua. Watazamaji waliachiwa kura ya intaneti ya kumchagua mshiriki mwenye utu na ucheshi zaidi, wakampa Nina Flowers.

Kuwapa wengine kura si lazima kulete haki pia. Mwaka 2018, katika msimu wa tatu wa All Stars, ambao ni mashindano ya washiriki wa zamani, BeBe alirudi na kufika katika wanne wa mwisho pamoja na Shangela, Trixie Mattel na Kennedy Davenport. Safari hiyo washiriki waliokwisha kutolewa ndio waliopewa kura ya kuamua wawili wa kugombea taji, wakawachagua Kennedy na Trixie, na Shangela, ambaye mashabiki wengi walimtarajia kushinda, akaachwa nje. Trixie ndiye aliyeshinda, lakini malalamiko yalikuwa makubwa. Mwamuzi mmoja akikosea, angalau lawama inajua pa kwenda.

SWALI: Mimi ni mpiga picha wa harusi. Mbona picha ya msimu wa kwanza ina ukungu mzito hivyo? Nilidhani ni simu yangu.
Mpiga picha, Nyegezi

JIBU: Simu yako ni nzima. Msimu ule ulitengenezwa kwa fedha kidogo na ukapewa kichujio laini kizito mno, kiasi kwamba mashabiki wana utani wa miaka mingi kuwa lenzi ilipakwa Vaseline. Uliporushwa upya mwaka 2013 kwa jina la "The Lost Season Ru-Vealed", RuPaul aliongeza maelezo yake juu ya kila kipindi, na ukungu ulibaki. Kama mpiga picha utakuwa umeona athari yake: ngozi na vipodozi hupendeza, lakini kazi ndogo ndogo ya mkono, kama shanga, nakshi na mishono ya pindo, humezwa yote, na vazi linaloonekana ni lile lenye umbo kubwa na rangi kali.