Maswali na Majibu: Kumchagua Wakili wa Kununua Nyumba Uingereza

Maswali yafuatayo yanahusu ununuzi wa nyumba Uingereza na Wales. Uskoti ina sheria na utaratibu wake, ambapo hata ofa ya kununua hupelekwa na wakili, kwa hiyo wasomaji walioko huko wasiyachukue majibu haya kama yalivyo.

Dalali anayeuza nyumba ninayoitaka anasema nikimtumia wakili wake mambo yatakwenda haraka. Naogopa kwamba nikikataa nitaikosa nyumba. Je, nalazimika?

Hulazimiki hata kidogo, na sheria inamkataza dalali kumbagua mnunuzi kwa sababu amekataa huduma anazompendekezea. Dalali hulipwa na muuzaji, ilhali wakili unayemlipa wewe ana wajibu wa kulinda maslahi yako. Mara nyingi dalali hupokea kamisheni kwa kila mteja anayempeleka kwa wakili. Hilo si kosa, ila wakili anawajibika kukujulisha kwamba makubaliano ya aina hiyo yapo, hivyo muulize kwa maandishi ni kiasi gani kinacholipwa. Huenda wakili huyo ni hodari kweli, nawe ukimpima kwa vigezo unavyowapimia wengine utamkubali. Ninachokisisitiza ni kwamba asiwe mtu ambaye riziki yake inategemea kumridhisha dalali, kwa sababu huenda ikafika siku ambapo wajibu wake utakuwa kukuambia usiinunue nyumba hiyo.

Nimepata makadirio ya bei kutoka ofisi mbili, na moja ni karibu nusu ya nyingine. Nichukue ya bei nafuu?

Usiamue kabla hujajua kila bei imejumuisha nini. Tangu Desemba 2018 ofisi zinazosimamiwa na Solicitors Regulation Authority zinatakiwa kutangaza kwenye tovuti zao bei za kazi hii, pamoja na maelezo ya huduma na sifa za watu watakaoifanya, lakini bei inayoandikwa kwa herufi kubwa aghalabu ni ada ya wakili peke yake. Ziweke karatasi zote mbili mezani uzipitie mstari kwa mstari: je, VAT ya asilimia 20 imeongezwa? Je, zimo gharama za upekuzi katika halmashauri, kampuni ya maji na kumbukumbu za mazingira, na ada ya kusajili umiliki HM Land Registry? Kisha tafuta nyongeza, kwani hapo ndipo bei ndogo inapokua: nyongeza kwa sababu nyumba ni fleti, kwa sababu kuna mkopo wa benki, kwa sababu sehemu ya fedha ni zawadi ya wazazi, kwa kila fedha inayotumwa kwa njia ya benki, na kwa kujaza fomu ya ushuru wa stempu, ambao kwa Uingereza hulipwa ndani ya siku 14 baada ya ununuzi kukamilika. Uliza pia utadaiwa nini iwapo muuzaji atajitoa njiani.

Ukishapata jumla mbili zinazolingana kwa yaliyomo, uliza swali ambalo kwangu lina uzito kuliko bei: ni nani hasa atakayesoma hati zangu, na ana majalada mangapi mkononi kwa sasa? Ofisi nyingi za bei ya chini huendesha kazi kwa makarani chini ya wakili mmoja, na mteja hupokezwa kwa mtu mpya kila anapopiga simu. Hati ya umiliki inaweza kuwa na sharti linalokataza kuongeza chumba, au njia ya kuingilia inayopita katika ardhi ya jirani bila haki iliyosajiliwa, na mambo hayo hugunduliwa na mtu anayesoma kwa utulivu huku akijua wewe unataka kuitumia nyumba kwa ajili gani. Mweleze mapema mipango yako, kisha uone kama anaiandika.

Nitahakikishaje kwamba ni wakili halali?

Tafuta jina lake na la ofisi yake katika daftari la mtandaoni la Solicitors Regulation Authority, au la Council for Licensed Conveyancers ikiwa ni mtaalamu aliyesajiliwa kwa kazi ya kuhamisha umiliki peke yake. Huyu wa pili si wa daraja la chini, maana hii ndiyo kazi yake ya kila siku. Ikiwa unakopa benki, hakikisha pia kwamba ofisi hiyo imo katika orodha ya mawakili ambao benki yako inawakubali, la sivyo unaweza kulipia mawakili wawili.

Binamu yangu ni wakili wa masuala ya uhamiaji na amejitolea kunisaidia kununua fleti ambayo mkataba wake wa umiliki wa muda maalumu (leasehold) umebakiza miaka 78. Nikubali?

Mshukuru, lakini tafuta anayeshughulikia fleti kila siku. Kwa utaratibu uliozoeleka, mkataba ukishuka chini ya miaka 80 gharama ya kuurefusha hupanda, na baadhi ya benki husita kukopesha. Sheria iliyopitishwa mwaka 2024 inakusudia kubadilisha hali hiyo, ila vifungu vyake vinaanza kutumika kwa awamu, na asiyefuatilia eneo hili hawezi kukushauri kama umtake muuzaji aurefushe mkataba kwanza au upunguziwe bei. Kuna pia ada za huduma za jengo, akiba ya matengenezo, na usalama wa kuta za nje dhidi ya moto. Undugu hautamsaidia kuyajibu hayo.

Sehemu ya malipo yangu ya awali inatoka kwa wazazi walioko nje ya Uingereza, ambao waliuza shamba. Wakili mmoja amenikataa. Kwa nini?

Kanuni za kuzuia utakatishaji fedha zinamtaka wakili ajue fedha zimetoka wapi, na baadhi ya ofisi huona uchunguzi wa fedha za nje kuwa mzigo. Hilo halina maana kwamba umeshukiwa. Kabla ya kuajiri yeyote, mweleze njia nzima ya fedha hizo na uulize kama atazipokea na kwa masharti gani. Wakati huohuo kusanya mkataba wa mauzo ya shamba, taarifa za benki zinazoonyesha fedha zikiingia na kutoka, vitambulisho vya wazazi, na barua yao inayosema kwamba wanakupa zawadi na hawatakuwa na haki katika nyumba. Kama nyaraka haziko kwa Kiingereza, uliza ni tafsiri ya aina gani inayokubalika. Nawasihi wasomaji waanze kazi hii hata kabla ya kuipata nyumba, maana nimeona ununuzi ukikwama kwa kukosekana karatasi moja tu iliyokuwa kabatini kwa mzazi.

Wakili wangu hajibu barua pepe kwa wiki tatu sasa. Nifanye nini?

Andika malalamiko rasmi kwa ofisi yake, ukitaja tarehe. Ikiwa wiki 8 zitapita bila suluhisho, au jibu lao la mwisho halikukuridhisha, unaweza kuyapeleka bila malipo kwa Legal Ombudsman, chombo huru kinachoshughulikia malalamiko dhidi ya mawakili.

Nimepokea barua pepe inayosema akaunti ya wakili imebadilika, siku mbili kabla ya kulipa. Ni kawaida?

Usitume chochote. Matapeli huingia katika mawasiliano ya barua pepe, wakasubiri hadi karibu na siku ya malipo, kisha wakaandika kwa jina la wakili na hata kwa nembo yake. Piga simu kwa namba iliyo katika barua ya kwanza uliyopewa ulipomwajiri, si namba iliyo katika ujumbe huo, na umtake akusomee namba ya akaunti tarakimu kwa tarakimu. Ikiwa umekwisha kutuma, ipigie simu benki yako dakika hii hii, na baada yake wakili.